Silinda Nne Zilizolala

Pale mtaa wa Waberi kuna benchi la mbao lililoegemea ukuta wa duka la matairi ambalo mwenyewe alihama akasahau hata kubandua bango. Juu kuna kipenu cha mabati, chini kuna jiko la Sahro na birika lake la kahawa ya tangawizi, na kati ya bati na jiko hukaa watu watatu ambao Garissa nzima ikiwaka moto wangekuwa wa mwisho kuinuka, kwa sababu lazima kwanza wabishane nani kawasha. Abdikarim anaitwa Jeki. Aliendesha malori ya Wajir mpaka magoti yakagoma, na hajawahi kurudisha jeki ya mtu. Gelle ni Bando, kijana ambaye tumbo lake linaweza kulala njaa lakini simu yake haikosi intaneti. Dida, Mborana aliyetoka upande wa Wajir, ni Daktari, na wagonjwa wake wote ni ngamia. Alasiri hiyo walikuwa wamepewa kesi kubwa kuliko kawaida yao. Pikapu nyeupe ya Kimarekani, injini silinda nane, ilikuwa imeegeshwa mbele ya benchi na boneti wazi, na mwenye pikapu, mzee Korane, ameketi katikati yao na ufunguo mkononi.

Sahro alimmiminia mzee kahawa bila kumtazama usoni. Korane ni abti wa mumewe, yaani ndugu wa mama mkwe, na mbele ya abti mtu hupima maneno. Pikapu hiyo, ikiendeshwa na mumewe Ayanle, ndiyo inayomleta mama mkwe, Mama Ebla, kutoka Bura hadi hospitali hapa mjini, tangu alipovunjika nyonga akifukuza mbuzi wake. Kesho ana miadi na daktari. Na Korane ametoka Nairobi kuja kuichukua leo leo, kabla ya jua kuzama, akaiuze.

— Oili haipotei, alisema Korane. Si maji hayo, ati yatakauka na jua. Kila wiki Ayanle ananipigia, abti, oili imeisha. Abti, imeisha tena. Nikauliza mafundi wawili huko Isili, Nairobi. Wote wamesema kitu kimoja: kijana anakanyaga. Anashindana na mabasi.

— Anakanyaga, alikubali Jeki, akiinua kikombe. Mimi nimeendesha. Gari ikila oili, angalia kiatu cha dereva. Soli ya kulia imeisha.

— Ayanle anavaa ndala, alisema Sahro polepole.

Wakacheka. Hata Korane alitabasamu kidogo, kisha akakunja uso tena kama aliyekumbuka kazi.

— Binti yangu, mume wako ni mtu mzuri. Sijasema ni mwizi. Nasema ana haraka.

Haraka! Sahro aliinama akapuliza makaa ambayo hayakuhitaji kupulizwa. Mume wake husimama kabla ya kila korongo kama anayepiga hodi. Aliwahi kukaa kiti cha nyuma cha pikapu hiyo, kichwa cha Mama Ebla mapajani mwake, na katika njia yote ya mchanga kutoka Bura hakusikia injini ikipandisha sauti. Punda walikuwa wanawapita. Lakini nani ataamini? Mke akimsifu mume, watu husema ni mke.

— Anaendesha polepole sana, abti, alisema hata hivyo. Wallahi.

— Ndiyo, mama, ndiyo, alisema Korane kwa upole, kama mtu anayempa mtoto peremende.

Dida alikuwa amepinda kiuno juu ya injini. Alinusa kifuniko cha oili, akagusa, akanusa kidole.

— Hii mnyama iko na kiu, alisema. Imezaliwa kwa barafu. Umeileta Garissa, jua hii! Hata mimi ningekunywa oili.

— Daktari, injini si ngamia, alisema Korane.

— Ngamia haiwezi kukunywa namna hii. Ngamia ikikunywa namna hii tunachinja.

— Basi mimi nawaambia, alisema Jeki. Hii pikapu ilipita Dubai, usukani ukahamishwa kutoka kushoto kuja kulia. Sawa? Sasa oili ndani haijahama. Oili bado inajua dereva yuko kushoto. Inaenda kumtafuta, inamkosa, inatokea kwa ekzosi.

— Waryaa, Jeki! alimkemea Dida.

— Kama una nyingine, leta.

Vidole vya Gelle vilikuwa vinatembea juu ya simu. Sahro aliona amezima sauti, kwa sababu mtoto mchanga wa Sahro, Bilan, alikuwa amelala ndani ya beseni lililotandikwa leso kando ya jiko. Hakuna aliyemwomba azime. Jeki naye, bila kuacha kubishana, alikuwa amesogeza mguu wake mbovu ukaingia juani ili kivuli chote kibaki kwa beseni.

— Ngojeni, alisema Gelle. Ngojeni, wazee. Hii injini iko na tabia. Si zote nane zinafanya kazi.

— Imekufa? Korane aliruka.

— Haijakufa, mzee. Imetengenezwa hivyo. Ukienda na mzigo mwepesi, mguu mwepesi, injini inazima silinda nne. Zinalala. Nne zingine zinavuta. Ukikanyaga, zote nane zinaamka. Ni ya kuokoa petroli.

Benchi zima likaigeukia injini, kila mtu kana kwamba amesikia siri ya familia ya watu.

— Nne zinafanya kazi, alisema Jeki taratibu, na nne zimelala humo humo ndani?

— Humo humo.

— Basi kesi imeisha. Mimi nina mashemeji wanne nyumbani. Hawafanyi kitu tangu Ramadhani. Unajua sukari inaenda wapi? Anayefanya kazi anakula mara moja, anaondoka. Anayelala ndiye anakula mchana kutwa.

— Toka hapa! alisema Gelle.

— Oili wanakula wale waliolala, nakuambia.

Dida alinyoosha mgongo, macho yamemng'aa.

— Hiyo mimi naelewa. Ngamia iko na chuchu nne. Sisi tunafunga mbili kwa kamba ya mti, hizo ni za ndama. Mbili tunakamua. Sasa huyu Mmarekani amefunga nne na hakuna ndama. Maziwa itaenda wapi? Lazima iharibike ndani. Nyinyi mtafuteni ndama ya hii gari.

— Ndama! alisema Korane, na safari hii alicheka kwa kweli, hadi kahawa ikamwagika kwenye kanzu. Nimekuja kwa basi usiku kucha nije kuambiwa nitafute ndama.

Sahro alimpa kitambaa. Mzee alipokipokea, kwa mara ya kwanza walitazamana, na Sahro akaona amechoka, na kwamba miguuni pake kuna mfuko wa tende uliofungwa vizuri. Tende za nani, kama si za dada yake? Ebla ndiye aliyemlea Korane baada ya mama yao kufariki. Hilo hata watoto wa Waberi wanalijua.

— Msicheke, alisema Gelle, sauti imebadilika. Hawa wazee wamepatia. Soma hapa. Sawa, sitasoma, nitaeleza. Silinda ikilala, oili inarushwa chini ya pistoni kama kawaida, lakini juu hakuna moto wa kuichoma wala mgandamizo wa kuirudisha. Inapanda kidogo kidogo kupita kwenye ringi za pistoni. Zikiamka, inaungua, inakuwa masizi, ringi zinanata. Zikinata, oili inapanda zaidi. Watu wengi wamelia na hii injini, si sisi peke yetu.

— Plagi zingeonyesha, alisema Jeki.

Na kwa kuwa alikuwa na spana ya plagi ya mtu mfukoni, aliinuka. Ilichukua muda, na vikombe viwili vya kahawa. Alitoa moja, kavu na ya kijivu. Akatoa jirani yake, nyeusi, imelowa oili. Akatoa nyingine kavu, na nyingine nyeusi. Akazipanga juu ya benchi kwenye gazeti, mbele ya Korane.

— Hizi zilikuwa macho, alisema. Na hizi ndio mashemeji.

Korane aliokota plagi nyeusi akaigeuzageuza.

— Bando, alisema, rudia. Silinda zinalala lini?

— Mguu ukiwa mwepesi, mzee.

— Na mtu anayeshindana na mabasi?

— Huyo zake hazilali hata dakika. Huyo... huyo labda asingekuwa na hii shida.

Akili ya Sahro ilikuwa imekwenda mahali pengine.

— Abti, alisema, ilianza lini kuzidi?

— Oili? Tangu mfungo ulipoisha, hivi.

— Ni wakati nilijifungua. Zamani nilikuwa ninakwenda naye, ninamshika mama nyuma ili asigongwegongwe. Sasa mtoto ni mdogo, siwezi. Mama analala nyuma peke yake kwenye godoro. Ayanle aliniambia siku hizi anasikiliza mama akipumua. Akiguna tu, anapunguza. Akiguna tena, anapunguza tena.

Ndipo kila mtu pale akaiona ile pikapu ikitoka Bura, ikitambaa kwenye mchanga, nusu ya injini imelala na oili ikipanda, na kijana mmoja mbele anasikiliza pumzi za mama yake.

Korane ni mtu wa biashara, alitafuta suluhisho.

— Basi ni rahisi, alisema. Aambiwe akanyage. Zote nane zikae macho, oili isipotee, gari ibaki. Mimi siiuzi. Akanyage tu.

— Akanyage, alisema Jeki, lakini bila nguvu.

— Akanyage, alisema Dida, akiangalia chini.

Mwishoni mwa benchi alikuwa ameketi msichana mmoja na begi lake. Alikuwa ametoka Tarbaj, huko Wajir, akaambiwa angoje hapo gari la kumpeleka kwa shangazi yake. Sahro alikuwa amempa kahawa, naye alitaja jina lake tu, Hibo. Muda wote alikuwa akisikiliza, mgeni anayejua ni mgeni.

— Samahani, alisema. Akikanyaga, huyo mama nani atamshika?

Gelle alirudi kwenye simu. Dida alianza kusema kitu kuhusu ngamia aliyevunjika mguu, akaona wapi kinaelekea, akakiacha. Sahro aligusa beseni la mtoto, akaondoa mkono. Korane alitazama plagi mkononi kana kwamba ndiyo iliyouliza.

— Hapa wanasema, alisema Gelle mwishowe, ukishusha gia na kuishikilia hapo, zinakaa macho hata ukienda polepole.

— Itasaidia, alisema Jeki. Lakini ringi zimeshanata, walaal. Mpaka ifunguliwe isafishwe, itaendelea kunywa.

Wakati huo Ayanle alirudi kutoka kituo cha mafuta, ndala zimejaa vumbi, dumu la oili mkononi. Aliona boneti wazi, plagi kwenye gazeti, na watu wote wakimtazama. Akasimama mbali kidogo, kama mtu aliyeitwa barazani.

— Abti, alisema, ninajua umekasirika. Chukua gari. Ila nipe mpaka kesho jioni. Nikishamrudisha mama tu.

— Lete hiyo, alisema Korane.

— Nini, abti?

— Oili. Lete.

Ayanle akampa. Korane akakunja mikono ya kanzu, akasimama juu ya injini, akamngoja Jeki arudishe plagi zote mahali pake, kisha akaanza kumimina. Oili nyingine ikateleza pembeni, ikagusa kanzu.

— Mzee, kanzu yako, alisema Gelle.

— Wacha kanzu. Inywe. Ikitaka kunywa mpaka ishibe, inywe. Nikirudi Nairobi nitatafuta fundi wa ringi.

Ayanle alimtazama mke wake. Sahro alitikisa kichwa, maana yake, usiulize, nitakueleza nyumbani. Akainua birika kumwongezea mzee, likatoka tone moja na mashapo ya tangawizi.

— Kahawa imeisha, alisema.

— Imeisha na maneno yetu, alisema Dida.

Korane alifunga kifuniko cha oili, akakikaza mara mbili. Alimpa Ayanle ufunguo. Kisha akachukua mfuko wake wa tende, akazunguka pikapu, akafungua mlango wa nyuma, akaliangalia godoro jembamba lililokuwa limetandikwa kwenye kiti. Akalibonyeza kwa kiganja, hapa na pale.

— Kesho tunatoka baada ya alfajiri, alisema bila kugeuka. Wewe shusha gia, uende utakavyo. Mimi nitakaa hapa, nimshike.