Mama Hifadhi na Kibodi ya Kompyuta Namba Nne

Tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Mama Hifadhi atarudisha ufunguo wa Chumba Namba Sita baada ya kukitumikia chuo chetu kwa miaka thelathini na mbili na miezi minne. Nilikuwa mwanafunzi wake, kisha nikawa mwalimu mwenzake, na kuanzia mwezi ujao chumba hicho kitakuwa mikononi mwangu. Kamati ya jarida iliniomba niandike maneno mazuri juu yake. Nimejitahidi, ingawa ukweli nao umeniponyoka hapa na pale.

Aliajiriwa kufundisha upigaji chapa, enzi za taipureta. Waliosoma wakati huo wanasema alivifunika vidole vyao kwa kitambaa ili wasichungulie herufi, na kwamba aliweza kusimama dirishani, amewapa mgongo, akatambua kwa mlio tu nani amekosea. Kompyuta zilipokuja alizipokea kwa shingo upande. Mwaka uleule umeme ulikatika, ripoti ya kurasa arobaini ikapotea, na binti wa watu aliyeiandika akalia mpaka kengele ya kutoka. Tangu siku hiyo, kila baada ya dakika kumi Mama alipaza sauti: "Hifadhi kwanza!" Jina likamganda. Hata Mkuu wa Chuo akiahirisha kikao, Mama humgeukia karani na kumuuliza kama amehifadhi.

Miaka tisa iliyopita somo la upigaji chapa lilifutwa. Mama aliambiwa achague: aondoke mapema au ajifunze kitu kipya. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Muhula mzima alikaa dawati moja na vijana wa rika la kitinda mimba wake, akijifunza mfumo wa simu wa Android na namna ya kutengeneza programu zake. Katika jaribio la kwanza alipata alama kumi na tisa kwa mia. Mumewe, ambaye ni fundi viatu, anasema karatasi ile aliibandika kwenye mlango wa friji, na ikabidi nyumba nzima iitazame kila mtu alipotaka maji. Mwisho wa muhula alipata themanini na nne, na mwaka uliofuata darasa likawa lake.

Mimi nilikuwa katika kundi lake la kwanza. Kitabu sikukielewa, nikamwelewa yeye. Alituambia simu ni nyumba ya kupanga: Android ndiye mwenye nyumba, programu ni wapangaji. Kila mpangaji ana chumba chake, na cha mwenzake haingii. Akitaka kamera au orodha ya namba, sharti abishe hodi na mwenye simu akubali. Mmoja wetu alitengeneza programu ya tochi iliyoomba ruhusa ya kusoma ujumbe wa watu, akaulizwa mbele ya darasa: "Tochi yako na umbea wapi na wapi?"

Alitufundisha pia kwamba simu ikiita, programu uliyokuwa ukiitumia husitishwa tu. Haijafa, imempisha mgeni. Kazi ya mtengenezaji ni kuhakikisha vitu vimehifadhiwa, ili mtu akirudi avikute pale alipoviacha. Na mpangaji, alisema, hutambulika kwa sahihi yake. Akirudi na nguo mpya lakini sahihi ni ileile, mwenye nyumba humfungulia. Sahihi ikiwa tofauti, hata jina liwe lilelile, hafunguliwi mpaka yule wa zamani atolewe na vyombo vyake vitupwe. Somo hilo tuliliandika daftarini tukasahau, hadi mwezi uliopita lilipotukumbusha lenyewe.

Binti yake Mama aliwahi kuifua kadi ya kliniki ya mtoto pamoja na nguo, akapitwa na tarehe. Kutokana na mkasa huo, miaka mitano iliyopita, Mama na darasa lake walitengeneza programu ya kuwakumbusha kina mama siku za kliniki. Muuguzi wa zahanati ya jirani huirusha kutoka simu yake kwenda simu ya mzazi, bila kula bando la mtu. Leo iko katika simu elfu moja na mia nne, na tarehe za kila mtoto zimehifadhiwa ndani ya simu ya mama yake.

Kila tulipofanya marekebisho, Mama mwenyewe ndiye aliyeyatia sahihi ya programu, kwa neno la siri alilolijua yeye peke yake, na daima kwenye Kompyuta Namba Nne. Kompyuta hiyo ilikuwa yake kwa sababu hakuna aliyeitaka. Kibodi yake ilikuwa nzima isipokuwa H, iliyokufa zamani. Mama alipoihitaji H aliinakili kutoka andiko jingine akaibandika. Aliomba kibodi mpya kwa barua mara tatu. Mzee wa Stoo alimjibu kwamba herufi ziko nyingi, atumie nyingine.

Mwaka huu kompyuta mpya ziliwasili na Namba Nne ikaondolewa. Kisha muuguzi akatuletea habari: kliniki inahama kutoka Jumanne kwenda Alhamisi. Marekebisho tuliyamaliza mchana mmoja. Mama akaketi kutia sahihi, akaandika neno la siri, likakataliwa. Akaliandika tena polepole, kidole kimoja kimoja. Likakataliwa.

Siku kumi na moja zikapita hivyo. Bila neno lile, kila mzazi angelazimika kuifuta programu ya zamani, pamoja na tarehe za mwanawe, na kuanza upya. Muuguzi alitwambia wapo ambao hajui hata pa kuwapata. Mama aliacha kunywa chai pamoja nasi. Siku moja alinivuta pembeni akaniambia, "Miaka yote nawapigia kelele muhifadhi, kumbe mpotezaji ni mimi." Niliogopa kumtazama usoni.

Siku ya kumi na mbili tulikutana, Mama mwenyewe akiwemo, kupanga sherehe ya kumuaga. Mzee wa Stoo alikuja na faili lake, kwani yeye hatupi kitu, akatusomea kwa utani barua ya tatu ya Mama. Ile Mama aliichapa kwenye Namba Nne na kuziacha H zote makusudi, ili bwana mkubwa aone shida kwa macho yake: "Kwa eshima kubwa naomba kibodi mpya, kwani ii aina erufi moja muimu." Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mama hakucheka. Alisimama, akatoka na kikombe mkononi.

Tulimkuta Chumba Namba Sita. Neno lake la siri lilikuwa "hifadhikwanza". Lakini neno la siri kwenye kioo huonekana vinukta vitupu, na vidole vya Mama havingoji ruhusa ya macho. Siku alipoliweka aliliandika mara mbili, H zikakosekana mara zote mbili, na kompyuta ikaridhika. Kwa miaka mitano neno halisi lilikuwa "ifadikwanza". Aliliandika sasa, tukiwa tumesimama nyuma yake, na programu ikakubali sahihi. Mama alicheka hadi akatafuta leso.

Alhamisi iliyofuata muuguzi alitupigia kusema mabenchi yamejaa. Mama alikuwa ameshaniagiza tubadili neno la siri siku ileile lilipopatikana, na jipya lijulikane na watu wawili, ndiyo maana naweza kulichapa hapa bila hofu.

Kwenye sherehe, Mzee wa Stoo atamkabidhi kibodi mpya, herufi zote zikiwemo. Ametaka Mama aipokee kwa sahihi, kujibu ombi namba tatu.

Asante kwa kukaa dawati moja na watoto ulipoweza kwenda nyumbani. Chumba Namba Sita kipo, nami nitapaza sauti kila baada ya dakika kumi. Ukirudi kututembelea utakuta kila kitu pale ulipokiacha.

Kwa eshima kubwa, Mama Ifadi, tunakutakia maisha mema.