Mwaka wa Kukunja Barua

Kwenye basi la kwenda mjini Toledo, nilijifanya nimelala kwa heshima zote. Mbele yangu Corinne alikuwa anamweleza baba yake kwa mara ya tano.

"Baba, masomo yote ya sekondari nimeshamaliza. Nikibaki mwaka mmoja zaidi watanikalisha ofisi ya shule nikunje barua. Acha nihitimu sasa, niombe chuo."

"Na siku ya kuwaaga wanabendi wa shule, mwisho wa mwaka ujao? Mzazi hutembea na mwanawe uwanjani, watu wakipiga makofi."

"Kwa hiyo nikunje barua mwaka mzima ili wewe upigiwe makofi?"

"Dakika mbili tu, mwanangu."

"Lo, baba!"

Hoja ya mzee ilikuwa nyepesi kuliko supu ya bwenini kwetu. Kisha akasema, "Dada yako alitembea na mama yenu. Mimi nilikuwa zamu kiwandani."

Corinne akachukua mkoba wake. Basi likasimama. Wakashuka, kila mmoja kwa mlango wake.