Nusu ya Latifa

ALBERTINE: Haloo? Namba hii siijue. Njo nani?

FALONE: Njo mimi, mama. Falone. Nimeomba simu ya mwenzangu wa kazi.

ALBERTINE: Falone wa Kinshasa?

FALONE: Mama, ulizaa Falone wangapi?

ALBERTINE: Sauti inatoka mbali. Jambo, mwanangu.

FALONE: Jambo sana, mama. Habari ya Kindu?

ALBERTINE: Muzuri. Mvua tu. Hapa Alunguli hata pikipiki hazi—

FALONE: Mama, inite ya simu iko kidogo. Leo njo siku ya kumi ya dawa ya kansa. Munganga wa hospitali anataka kujua: mikono inakuunguza?

ALBERTINE: Hapana.

FALONE: Ngozi ya miguu haitoke? Kinywani hakuna vidonda?

ALBERTINE: Hakuna kitu. Hata Latifa haimuunguze.

FALONE: Latifa anaingia wapi hapo?

ALBERTINE: Unasema? Rezo ya simu inakata.

FALONE: Rezo haikate. Mama Latifa, jirani yetu, anakunywa dawa yako?

ALBERTINE: Nusu tu.

FALONE: Nusu ya nini?

ALBERTINE: Ya kila kinini, kila kidonge. Nakata na wembe. Nusu yangu, nusu yake. Ana kitu kigumu ndani ya ziwa, hapa kifuani, vile changu kilianza.

FALONE: Nani alimupima?

ALBERTINE: Mimi. Niligusa.

FALONE: Mama—

ALBERTINE: Najua, mimi si munganga. Lakini kitu kile nililala nacho mwaka muzima. Nakijua.

FALONE: Sikia. Dawa ile haikatwe. Unakula, kisha unameza nzima na maji. Na muntu mwingine asiiguse hata na kidole. Munganga alikuambia yote.

ALBERTINE: Aliniambia. Lakini ni kinini, Falone.

FALONE: Si kinini. Ni chimio, dawa kali ya kansa.

ALBERTINE: Chimio njo ile wanatundika juu, inashuka ndani ya mushipa. Jirani mwingine, Mama Geneviève, walimutundikia chupa, tukaona. Mie wamenipa kinini za kutia ndani ya sakoshi. Nikasema, basi wangu ugonjwa ni mudogo, naweza kugawa.

FALONE: Si mudogo. Ni chimio vilevile, hii inapita kinywani tu. Ukimeza nusu, kansa inaendelea na kazi yake.

ALBERTINE: Wakati wa vita tulikata.

FALONE: Vita ile iliisha, mama.

ALBERTINE: Mji umefungwa, hakuna treni, hakuna ndege. Ulikuwa na myaka sita. Malaria imepanda kwa kichwa, unaniita shangazi. Kinini ya mwisho ilikuwa kwa Latifa, na mutoto wake Ayoubu analala na homa ileile. Hakuniuliza kitu. Akachukua wembe, akakata. Uko?

FALONE: Niko.

ALBERTINE: Sasa leo mimi niko na boksi nzima, yeye hana. Niseme nini kwake?

FALONE: Umwambie aende kwa munganga wapime. Pengine si kansa hata. Mama, mimi nilikuwa na bahati tu. Nusu ile haikumuponesha Ayoubu, alikufa.

ALBERTINE: Anasikia.

FALONE: Nani?

ALBERTINE: Latifa. Yuko hapa anachambua majani ya sombe. Nimeweka sauti kubwa, sikio langu moja limekufa.

FALONE: Mama. Tangu wakati gani?

ALBERTINE: Tangu haloo.

FALONE: Ee Mungu. Mama Latifa, musamaha. Sikutaka—

ALBERTINE: Anasema ni kweli. Sasa anafungua kitenge.

FALONE: Anafungua namna gani?

ALBERTINE: Kona, pale alifunga fundo. Ngoja. Ziko humu. Nusu zote. Hakumeza hata moja.

FALONE: Kwa nini?

ALBERTINE: Latifa, kwa nini? ... Anasema nusu anaijua, haiponeshe. Anasema angekataa, mimi ningeacha kunywa, kwa hiyo alikuwa anapokea, ananiwekea. Anasema mimi ni kichwa ngumu.

FALONE: Mama, unalia?

ALBERTINE: Ni sombe.

FALONE: Sombe hailize.

ALBERTINE: Nimezigusa, Falone. Zimekuwa vumbi.

FALONE: Musizimeze. Zifunge ndani ya sashe ya plastiki, munawe mikono na sabuni, wote wawili. Kesho asubui umurudishie munganga, umwambie siku kumi umemeza nusu. Usiongeze zingine ju ya kufidia. Yeye njo atasema tunafanya nini.

ALBERTINE: Atanikaripia.

FALONE: Akukaripie. Mupe Mama Latifa simu, mbele ya inite kuisha.

ALBERTINE: Anakataa. Anasema musamaha hausemwe kwa simu, utakuja mwenyewe.

FALONE: Nitakuja. Na ziwa lake?

ALBERTINE: Anasema tuanze na langu.

FALONE: Hapana. Kesho munaenda wote wawili, anaingia wa kwanza. Mwambie mimi ni mutoto wake vilevile, na nimesema.

ALBERTINE: Amesikia. Ameacha sombe, anatafuta viatu. Latifa, ni kesho. Falone, mwambie wewe, mimi hanisi—

[Inite zimeisha.]