Mlezi wa Ridhiwani

Boti ilikuwa imeshatoka Masoko kuelekea Kilwa Kisiwani wakati kijana mwenye kinanda mapajani alipomwambia Bi Mwahija, bila kuulizwa, kwamba aliyemlea kimuziki ni mashine ya kupulizia mikorosho.

Bi Mwahija alikuwa anakwenda harusini. Hakujiandaa kukaa na mgonjwa wa akili. "Ungeanza na shikamoo, baba."

"Shikamoo mama. Naitwa Ridhiwani. Jirani yetu alikuwa akipulizia salfa alfajiri, mimi niko kitandani nasikiliza. Mashine inanguruma, inakohoa mara mbili, inakata, kisha inashika tena. Ndiyo mapigo yangu hadi leo. Nikipiga kinanda nikakata, watu wananyanyua mguu, wanauacha hewani, wanasubiri."

Bi Mwahija, aliyezeeka na mikorosho yake na mashine zake, alimwonea huruma. "Mwanangu, ile ilikuwa mbovu. Plagi imechafuka. Wangeisafisha, ungepiga muziki kama wenzako."

"Ndiyo maana nawaombea dua kwa kutoisafisha."

"Yaani watu wazima wanacheza ubovu wa plagi!"

"Na wewe utaucheza leo. Naiona sare yako; harusi unayokwenda napiga mimi."

"Astaghafirullah! Mguu wangu huu?"

Hapo injini ya boti ikakohoa mara mbili, ikakata. Ikashika, ikakohoa mara mbili, ikazima kabisa katikati ya maji. Nahodha akatoa kitambaa, akainamia plagi.

"Usiiguse!" Ridhiwani akapiga kelele, akifunua kinanda.

Bi Mwahija akafungua mdomo amkemee, ndipo alipouona mguu wake mmoja uko juu, unasubiri.