Mnunuzi Aliyekataa Tangawizi ya Baba Mkwe

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, wa kike, familia imenituma nisome maisha yake na imenionya nisiongeze chumvi, nami nimeahidi kujaribu.

Kaka yetu alizaliwa nyumbani tarehe 9 Machi 1971, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkewe muuza mboga, na tangu alipojua kusema nyumba haikuwa na utulivu, maana kila kitu alitaka kujua kimetoka wapi. Akiwa na miaka sita aliuliza kabichi zinatoka wapi, mama akamjibu zinatoka sokoni, jibu halikumtosha, kesho yake akalifuata tela la kabichi likirudi mashambani, akapatikana jioni amelala juu ya magunia matupu, ameshiba karoti za watu.

Alianza shule ya msingi Januari 1978, akamaliza sekondari 1989, kisha akasomea kilimo chuoni, alikohitimu Novemba 1992 kwa alama za wastani, kwa kuwa, walimu walivyosema, aliuliza maswali mengi kuliko aliyojibu.

Tarehe 1 Februari 1993 aliajiriwa na kiwanda cha viungo kuwa mnunuzi wa tangawizi, na badala ya kukaa kwenye mzani akisubiri magunia kama wenzake, aliyafuata hadi yalikotoka, akitaka kuonyeshwa tangawizi imelimwa wapi na imekaushwa kwa moto gani. Ndivyo alivyofika kwa mkulima mkubwa kuliko wote upande ule, akaona tanuri la kukaushia, akauliza kuni zinakatwa wapi, akapelekwa hadi kwenye chanzo cha maji, akakuta miti imekwisha, na wakati wa kurudi, jamani, akamwona binti wa mkulima huyo.

Walichumbiana 1996, harusi ikapangwa Agosti 1997, na Julai ile baba wa binti, aliyekwisha kuonywa misimu miwili kuhusu zile kuni, akaleta magunia yake kiwandani akitembea kifua mbele, akijua mnunuzi ni mkwe wake, na kaka akayakataa yote, kwa kuwa yalikaushwa kwa kuni zilezile za chanzo cha maji. Aibu gani hiyo! Mzee aliondoka na mzigo wake, akatangaza kwamba hana binti wa kumpa mnunuzi asiye na adabu. Kaka alilia, nilimwona kwa macho yangu, lakini magunia hakuyanunua.

Alichofanya ni kwenda kumwomba mzee kipande cha ua ajenge kikaushio cha jua, chenye feni inayoendeshwa na sola, na mzee akakubali, nadhani kwa kutaka kumwona akiumbuka. Aliumbuka kweli, maana mtaalamu wetu aliziba matundu yote ili joto lisitoroke, unyevu wa tangawizi ukakosa pa kutokea, akafungua mlango akakuta ukungu mweupe kwenye trei zote. Mzee alicheka mpaka akakaa chini, kisha, udadisi nao ni kama mafua, akaanza kuuliza yeye, je, tukitoboa huku juu. Wakatoboa pamoja, tangawizi ikakauka vizuri, tanuri likabomolewa, na harusi ikafungwa tarehe 12 Desemba 1998, wakajaliwa watoto watatu, wote waulizaji, tutafanyaje.

Hata hivyo mzee hakumsamehe kabisa. Miaka yote hiyo alimwita Mnunuzi, mbele ya wageni na mbele ya wajukuu, hakuwahi kumwita mwanangu, na jambo hilo lilimuuma kaka yangu kuliko alivyoonyesha, akawa ananiuliza mtu afanye nini zaidi ili akubalike.

Mei 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini, akamhoji daktari mpaka daktari akavuta kiti akakaa, na mchana wa Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, alifariki dunia, mkewe amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia maswali yake, majirani waliotupikia na kulala nasi, na wafanyakazi wenzake wa kiwandani. Hapa nilikuwa nimeandika shukrani kwa wakwe zetu pia, jana nikamsomea mzee, akaniambia niufute mstari huo, kwa sababu mtu hashukuriwi kwa kumzika mwanawe. Nimeufuta. Kaka, umesikia, pumzika kwa amani.