Gauni la Vipimo vya Fundi

Wiki iliyopita, kabla hakujakucha, mkasi ulilia kra-kra chumbani kwa fundi, na mkono ukamponza. Leo alikuwa basini, gauni jeupe mapajani, akimweleza mama mmoja aliyeketi naye. "Limembana bibi harusi. Vipimo vyake ninavyo, lakini nimekata kwa vyangu."

Mama akacheka. "Mkono una siri zake, mwanangu! Na harusi yako lini?"

"Miaka kumi na miwili navalisha wenzangu, mama. Kinyozi hajinyoi."

"Hata kulijaribu?"

"La watu? Thubutu! Nalifumua nikifika, harusi ni kesho." Lakini kiganja chake hakikubanduka kwenye lesi.

Basi likasimama. Mtoto wa kiti cha nyuma akasema kwa sauti, "Anti, livae kwanza."