Koti Langu Kitini

Mheshimiwa Diwani, Mchungaji Asajile, Shehe Zuber, wateja wetu wa chai na ndizi, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wafanyakazi wenzangu ambao siku zote tumewataja mwisho: nawasalimu kwa heshima. Mniwie radhi nikiongea nimekaa. Maradhi haya yamekwisha kunishinda, na daktari hakunificha.

Mmeniaga kwa sifa nyingi. Mmesema kwamba soko huria lilipofungua milango, na kila kiwanda cha chai kikatafuta mkaguzi wa hesabu, ofisi yetu hapa Tukuyu haikumchelewesha mteja hata mmoja. Ni kweli. Lakini nani kati yenu ameuliza kazi hizo zilimalizwaje?

Zilimalizwa na koti. Ninyi wageni hamjui, wafanyakazi wanajua. Ofisini kwetu hapakuwa na saa ya kutoka. Sheria ilikuwa moja, na haikuandikwa popote: koti la Mzee likiwa kitini, haondoki mtu. Nami nilikuwa na makoti mawili. Moja nililiacha kitini, la pili nikalivaa, nikapitia mlango wa nyuma kwenda kwangu kula. Asubuhi nilikuta kazi imekamilika na macho ya watu ni mekundu, nikawaita hodari.

Je, walijua? Walijua sana. Siku moja, nikiwa nje ya dirisha, nilimwona Naima, mmoja wao, akiliinamia: "Shikamoo, koti." Fahadi akaitikia kwa sauti yangu: "Marahaba. Hesabu zimekubali?" Wakacheka. Nami nilicheka, badala ya kuona haya.

Kisha baba yake Ambindwile, kijana wa hesabu ofisini kwetu, akafariki, huko Mpuguso, wala si mbali. Mnajua kwetu sisi mtoto wa kiume asiposhika jembe kwenye kaburi la baba yake watu humtazama vipi. Ambindwile alikuja mezani kwangu kuomba ruhusa, akakuta koti. Akalisubiri mchana kutwa. Alipofika nyumbani jua limezama, shangazi yake alimpokea uani: "Karibu, mgeni. Mwenyeji wako tumeshamfunika."

Hakunilaumu. Kesho yake alikuwa kazini, nami nikamsimamisha mbele ya wenzake nikasema, tazameni, huyu ndiye mhasibu. Nikampandisha cheo. Hapo ndipo nilipokosa zaidi kuliko kwenye koti lenyewe, kwa kuwa nilimfundisha kuliita jeraha lake sifa.

Leo Ambindwile ndiye anayekabidhiwa ofisi. Na leo, niliposhushwa garini mlangoni hapa, nimemkuta karani wetu Lilian anapanga soda huku akilia. Bibi aliyemlea anazikwa Kyimo alasiri hii. Nikamuuliza Ambindwile, huyu binti anafanya nini hapa? Akanijibu kwa adabu zote: "Mzee, mimi sikumzika baba, na nimefika hapa nilipofika. Naye atazoea."

Nikamwambia Lilian, nenda, mama. Alimtazama Ambindwile kwanza. Kisha akainama, akaendelea na soda zake.

Ndugu zangu, ningemkaripia kijana huyu kwa mdomo gani? Neno lile ni langu. Mimi nitakufa, lenyewe linabaki ofisini, na sasa lina nguvu kuliko sauti yangu.

Ambindwile, mwanangu, siwezi kukurudishia mchana ule, na msamaha wako siudai. Nakuomba jambo moja mbele ya mashahidi hawa. Funguo za gari la ofisi unazo wewe. Mpeleke Lilian Kyimo, umpeleke mwenyewe, sasa hivi. Barabara ina tope, na huenda mtakuta wamekwisha kufukia. Nendeni hivyo hivyo. Mkikuta umebaki hata udongo kidogo, omba jembe.

Wageni wetu, nimefika mwisho. Ndaga fijo, asanteni sana kwa kunivumilia. Msinipigie makofi, wapisheni hawa wawili njia.